Kubadilishiwa nyonga: chuma huwa tayari siku ya kwanza, misuli ndiyo ya kulea

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika wodi ya mifupa. Mtu akishabadilishiwa nyonga, mimi ndiye ninayekuja na fremu ya kutembelea kesho yake asubuhi, wakati mwingine jioni ileile, nikamwambia ainuke. Wengi huogopa. Wanadhani wakikanyaga tu, kitu kitavunjika ndani. Kwa upasuaji usio na matatizo, ukweli ni kinyume chake: chuma kilichowekwa kinaweza kubeba uzito wako mara ganzi inapoisha. Kisichoweza bado ni misuli. Imekwepa maumivu kwa muda mrefu hadi ikasinyaa, na sasa imekatwa au kuvutwa ili daktari apate njia. Karibu kila ninalolieleza hapa, kuanzia urefu wa kiti hadi mkono wa kushikia fimbo, ni kwa ajili ya kuilinda misuli hiyo mpaka ishike kazi yake.

Daktari wako akikupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya kwake. Yeye ameona mfupa wako, mimi sijauona.

Kinachobadilishwa ni nini

Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo na kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, utando laini unaozuia mfupa kusuguana na mfupa. Gegedu ikisagika, au kichwa kikikosa damu kikafa (huwapata sana wenye selimundu na waliotumia steroidi kwa muda mrefu), au shingo ya paja ikivunjika, daktari hukata kichwa hicho, huingiza mhimili wa chuma ndani ya mfupa wa paja, huweka kichwa kipya cha chuma au kauri juu yake, na kikombe kipya chenye plastiki ngumu ndani. Kazi yenyewe huchukua saa moja hadi mbili.

Muundo huu umetokana na kazi ya daktari Mwingereza John Charnley, aliyeanza kutumia kikombe cha plastiki hiyo mwaka 1962. Kabla ya hapo alikuwa ametumia Teflon, plastiki ya aina nyingine, ikasagika ndani ya miaka michache. Hadi leo, swali la kwanza la wagonjwa wangu ni hilohilo la kusagika: itadumu muda gani? Karibu nyonga tisa kati ya kumi hufikisha miaka 15, na zaidi ya nusu hufikisha miaka 25.

Wiki za kabla ya upasuaji

Adui mkubwa wa nyonga bandia ni bakteria. Ndani ya chuma hakuna damu inayopita, kwa hiyo bakteria wakishajishikiza pale, kinga ya mwili na dawa huwafikia kwa shida sana, na mara nyingi dawa yake ni kupasuliwa tena. Ndiyo maana tunamsumbua mgonjwa kwa mambo yanayoonekana hayahusiani na nyonga. Jino bovu litibiwe kabla. Mkojo unaouma upimwe. Kidonda cha mguuni, fangasi kati ya vidole, jipu, hata kucha iliyoota ndani ya nyama, onyesha. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia kwa miezi kadhaa, maana asubuhi moja ya sukari nzuri haitoshi. Kama ulichomwa sindano ya steroidi kwenye nyonga hivi karibuni, sema, kwa sababu madaktari wengi husubiri miezi mitatu ipite kwanza.

Pima damu mapema. Mwenye upungufu wa damu akiingia chumba cha upasuaji hivyohivyo, atahitaji kuongezewa damu kwa urahisi zaidi na atachelewa kupata nguvu. Ukijua mapema kuna muda wa kutibu chanzo chake; ukijua siku mbili kabla hakuna.

Sigara iache angalau wiki nne kabla, na usiirudie mpaka kidonda kifunge kabisa. Kama utaweza kuiacha moja kwa moja, mfupa wako utashukuru.

Halafu dawa. Andika kila unachomeza: za presha, za sukari, za kuzuia damu kuganda, za maumivu, vidonge vya lishe, na dawa za mitishamba pia. Usione haya kuhusu za mitishamba. Baadhi yake huongeza kutoka damu, na daktari wa usingizi hatakugombeza, anataka kujua tu. Usiache dawa yoyote ya damu au ya moyo kwa uamuzi wako. Uliza siku ya kuiacha na siku ya kuirudia.

Na usijinyoe nyonga wala paja. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na bakteria hupenda kukaa humo. Kama nywele zinahitaji kuondolewa, hospitali itaziondoa kwa mashine yao. Utakachofanya ni kuoga vizuri kwa sabuni utakayopewa au kuelekezwa, usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake.

Kuhusu mazoezi: wagonjwa hushangaa ninapowapa mazoezi wakati nyonga bado inauma. Nawapa kwa sababu misuli inayoingia na nguvu hutoka na nguvu. Ukiwa umelala chali, kaza misuli ya juu ya goti kana kwamba unalibonyeza godoro kwa nyuma ya goti, shikilia sekunde tano, achia. Kaza makalio vivyo hivyo. Telezesha kisigino kuelekea makalio kadiri nyonga inavyoruhusu. Imarisha na mikono pia: kaa kwenye kiti chenye mikono, jisukume kwa viganja mpaka makalio yainuke kidogo. Baada ya upasuaji, mikono hiyo ndiyo itakayokuinua. Tena jifunze magongo sasa hivi, ukiwa huna ganzi wala kizunguzungu. Mtu aliyewahi kupanda ngazi kwa magongo kabla ya upasuaji huwa namtambua akiinuka tu.

Kiti

Ungeniambia nichague jambo moja tu la kuandaa nyumbani, ningechagua kiti. Simama wima ukiwa umevaa viatu utakavyotumia, mtu akupime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kiti chako kinatakiwa kizidi kipimo hicho kwa sentimita tano hivi, na kipimwe mtu akiwa amekikalia, kwa sababu sponji hubonyea. Kiwe na mikono ya kushikia, mgongo ulionyooka, na kisiwe na magurudumu. Kochi la chini lililoongezewa mto laini halikusaidii: unazama katikati, magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, na hiyo ndiyo hali tunayoikimbia.

Mzee mmoja fundi cherehani alikuja kliniki na karatasi yenye vipimo vya kila anachokalia nyumbani: kochi, kiti cha mezani, kitanda, choo. Alikuwa amepima kwa tepu yake ya kazini, mara mbili kila kimoja, bila mtu na mtu akiwa amekaa. Kochi lilikuwa chini ya goti lake kwa upana wa kiganja. Hakununua jingine. Seremala alimtengenezea vigingi vinne vya mbao, kila kimoja kimechongwa shimo juu ili mguu wa kochi uzame ndani na usiteleze. Akafanya hivyohivyo na kitanda. Natamani kila mgonjwa aje na karatasi kama ile.

Choo nacho kiinuliwe. Kuna viti vya plastiki vinavyofungwa juu ya choo cha kukaa. Kama choo ni cha kuchuchumaa, weka juu yake kiti imara chenye tundu, chenye miguu minne yenye mpira chini, kwa sababu kuchuchumaa hakuna nafasi katika miezi ya mwanzo. Bafuni weka kiti cha kuogea na kitu cha kushikia kilichokazwa ukutani. Kishikio cha taulo hakitoshi, kitang'oka.

Mazulia madogo, mikeka na nyaya ziondolewe njiani. Vitu vya kila siku vihamie kati ya kiuno na bega. Tafuta viatu vya kuvaa bila kuinama, vyenye kisigino kilichofungwa, pamoja na kijiko kirefu cha kuvalia viatu. Na mkoba wa kuning'iniza shingoni au begani, kwa sababu mikono yote miwili itakuwa kwenye magongo na hutaweza kubeba hata kikombe. Kinywaji kiwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, kiingie mkobani.

Siku yenyewe

Utaratibu wa kawaida ni kuacha chakula kwa muda wa saa 6 na maji matupu kwa muda wa saa 2 kabla, lakini fuata muda ulioandikiwa. Wengi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka chini hawasikii maumivu, na hupewa dawa ya kusinzia wakitaka.

Kwa familia ya mgonjwa mzee: njoo na miwani yake na kifaa chake cha masikio, na mtu mmoja anayemfahamu awe karibu. Wazee wengine huchanganyikiwa siku za mwanzo baada ya upasuaji, wanasema wasiyoyajua. Mara nyingi hupita. Kuona vizuri, kusikia vizuri na sura anayoijua humrudisha haraka. Lakini waambie wauguzi mara moja, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni maambukizi, dawa au mkojo ulioziba.

Kuinuka, na miondoko ya kuepuka

Kabla hujanyanyuka kitandani, pandisha na kushusha nyayo mara kadhaa. Zoezi hili linasukuma damu kwenye vigimbi ili isigande, nawe lirudie kila saa ukiwa macho. Kisha jiegemeze kwa viwiko, sogeza makalio na miguu pamoja hadi ukingoni, bila mguu uliopasuliwa kuvuka katikati ya mwili. Kaa ukingoni, ukiwa umeegemea nyuma kidogo, mguu huo umenyooka mbele. Sukuma godoro kwa mikono ili usimame; usiivute fremu, itakuangukia. Ukishasimama, tulia kwanza. Presha hushuka, na kizunguzungu huja sekunde chache baadaye. Halafu: fremu mbele, mguu uliopasuliwa, mguu mzima. Fremu, uliopasuliwa, mzima.

Sasa muulize daktari swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizi: umenifungua kutoka upande gani? Jibu lake ndilo linaloamua miondoko yako ya hatari.

Akifungua kwa nyuma, atakuwa amekata na kushona kifuko cha kiungo na misuli midogo ya nyuma. Mpaka kovu likomae, kwa kawaida wiki 6 hadi 12, usikunje nyonga kupita pembe mraba, usipishanishe miguu, na usigeuze mguu huo kuelekea ndani. Vikikutana vyote vitatu, shingo ya chuma hugonga ukingo wa kikombe na kichwa kikachomoka. Kwa niliyoyaona, watu hawachomoki wakiwa mazoezini. Huchomoka wakiinama kuokota simu iliyoanguka, wakivuta shuka lililoko miguuni, wakifunga kamba za viatu, au wakiitwa kwa nyuma wakageuza kiwiliwili huku unyayo umebaki palepale. Kwa hiyo geuka kwa hatua ndogondogo. Ukikaa, tanguliza mguu mbele kabla ya kushuka. Ukilala, weka mto kati ya magoti.

Akifungua kwa mbele, hatari iko upande mwingine: kuupeleka mguu nyuma sana huku umegeukia nje. Na kuna madaktari ambao siku hizi hawatoi masharti mengi. Usichukue masharti ya jirani yako aliyepasuliwa mwaka jana, chukua ya kwako.

Kuingia kwenye gari, sukuma kiti cha mbele nyuma kabisa na ukilaze kidogo, tandika mfuko wa plastiki juu yake ili uteleze. Anza na makalio, rudi nyuma, kisha geuka mzima kama gogo, miguu ikifuata mwili. Mfuko utoe kabla gari halijaondoka.

Fimbo inashikwa mkono gani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili huacha watu wakichechemea bila sababu.

Weka vidole upande wa nyonga yako, chini kidogo ya ukingo wa mfupa unaoushika ukishika kiuno. Simama kwa mguu huo mmoja. Utaona misuli inakakamaa chini ya vidole. Hiyo ndiyo inayozuia kiuno kisianguke upande wa pili kila unapopiga hatua, na ndiyo iliyodhoofika zaidi kwako. Fimbo ukiishika mkono wa upande mzima na kuikanyagia pamoja na mguu uliopasuliwa, inakiinua kiuno upande uleule ambao kingeanguka, na misuli inapumzishwa sehemu ya mzigo. Ukiishika upande wa mguu unaouma, unaegemea huko mwili mzima, misuli haifundishwi chochote, na baada ya miezi kadhaa kuchechemea kunakuwa ndiyo mwendo wako.

Usiache magongo au fimbo ili kuonyesha watu kwamba umepona. Anayetembea sawasawa kwa fimbo yuko mbele kuliko anayechechemea bila fimbo. Fimbo inaachwa siku unapotembea chumbani bila kuyumba, na mtu mwingine ndiye athibitishe akikutazama kwa nyuma.

Kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, uliopasuliwa unatangulia kushuka. Magongo hufuatana na mguu uliopasuliwa siku zote.

Wengi huniambia mguu mpya ni mrefu kuliko mwenzake. Mara nyingi ni misuli iliyojikunja kwa miaka inayovuta kiuno, na hisia hiyo hupungua kwa wiki na miezi. Usikimbilie kuongeza soli ya kiatu. Subiri daktari apime.

Maumivu, uvimbe, na siku za huzuni

Dawa za maumivu meza kwa ratiba siku za mwanzo, usingoje maumivu yapande ndipo umeze. Panga moja iwe nusu saa au zaidi kidogo kabla ya mazoezi. Dawa kali hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji, kula matunda na mboga, na omba dawa ya kulainisha choo mapema. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, husaidia. Isiguse ngozi moja kwa moja.

Mguu utavimba, na rangi ya zambarau inaweza kushuka hadi gotini au kifundoni. Hiyo ni damu ya ndani inayofuata mvutano wa ardhi. Uvimbe unaopungua ukilala na kuinua mguu hauniogopeshi.

Wiki ya pili au ya tatu, wengi huingiwa na unyonge. Usingizi ni mbovu, wageni wamepungua, maendeleo yanaonekana madogo. Nakuambia mapema ili yakikufika usidhani upasuaji umeshindikana. Tembea kidogo mara nyingi kwa siku, badala ya mara moja kwa kujichosha kupita kiasi. Ukiamka kesho yake na maumivu yamezidi sana, jana ulipitiliza, punguza, usiache.

Dalili za kukimbia hospitali

Kigimbi kikiuma, kikavimba na kuwa cha moto, nenda siku hiyohiyo. Kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla au ukikohoa damu, ni dharura: bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu. Ndiyo sababu dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo mara nyingi hutolewa kwa wiki nne hadi tano, humezwa mpaka ya mwisho hata kama unajisikia mzima.

Kidonda kinachoendelea kuvuja, wekundu unaotanuka, usaha, au homa inayofika nyuzi 38 na kuendelea: mpigie daktari aliyekupasua. Nakusihi, usikubali kupewa antibiotiki dukani au na mtu mwingine kabla hajakuona. Dawa hiyo inaweza kuficha bakteria wasionekane kwenye vipimo, huku wakiendelea kujenga juu ya chuma.

Ukisikia mshtuko wa maumivu, mguu ukafupika na kugeuka, huwezi kukanyaga, nyonga imechomoka. Lala, uite msaada, usile wala kunywa maana huenda utahitaji dawa ya usingizi. Mtu yeyote asiuvute wala kuukanda mguu. Na kama unyayo umelegea huwezi kuuinua, sema siku hiyohiyo.

Kurudi kwenye maisha

Nyuzi au pini hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuogelea au kujiloweka kwenye maji kusubiri hadi wiki 6 hivi, kidonda kikiwa kimefunga kabisa. Kuendesha gari mara nyingi ni baada ya wiki 6, tena si wakati unatumia dawa kali za maumivu. Kazi ya mezani huwezekana kuanzia muda huohuo. Kazi ya kusimama na kubeba, miezi mitatu au zaidi. Safari ndefu za ndege ahirisha mpaka daktari aruhusu, na ukipita kwenye mashine za ukaguzi uwanjani, waambie una chuma.

Tendo la ndoa watu huona aibu kuliuliza, kwa hiyo mimi hulitaja mwenyewe. Wengi hurudi baada ya wiki nne hadi sita. Mwanzoni aliyepasuliwa alale chali, chini, magoti yasipande kifuani. Mwambie mwenzako miondoko unayokatazwa, ili asiwe na hofu ya kukuumiza.

Kutembea, kuogelea na baiskeli ni rafiki wa nyonga bandia. Kukimbia kwenye lami na michezo ya kuruka huongeza kusagika. Nguvu hurudi kwa kasi miezi mitatu ya kwanza, kisha polepole hadi mwaka, kwa hiyo endelea na mazoezi ya misuli ile ya pembeni hata siku usiposikia maumivu.

Kliniki za marudio nenda hata kama huumwi chochote, kwa kuwa plastiki ikisagika inaweza kula mfupa kimyakimya, na eksirei ndiyo huonyesha mapema. Maumivu mapya ya kinena au paja baada ya miaka ya utulivu yachunguzwe. Jipu, jino au mkojo ukipata maambukizi, tibu upesi, na kila daktari wa meno au wa upasuaji ajue una nyonga bandia. Kabla hujaruhusiwa kuondoka wodini, omba karatasi au kadi yenye aina ya nyonga uliyowekewa, ukubwa wake na namba zake. Ipige picha na umtumie ndugu mmoja, kwa sababu daktari atakayehitaji kuibadilisha miaka 20 ijayo atataka kujua ni ipi.